MAJI YA BIRIKA LA MAHAD



Baada ya darasa moja la jioni, kijana aliyekuwa bado akiuchunguza Uislamu aliniuliza swali ambalo sikuwa tayari kulijibu. Nilikuwa nimeeleza habari za matabaka katika jamii ya Wahindu, na jinsi mamia ya wanyonge wa kijiji kimoja cha kusini mwa India walivyosilimu mwaka 1981. Waliohudhuria wakafurahi na kumshukuru Mungu. Yeye akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Maalim, umetueleza walikotoka. Hukutueleza walikofika. Je, walipokelewa?"

Nilimwahidi jibu. Lakini jibu lenyewe halifahamiki mpaka mtu ajue kwanza mzigo waliokuwa wakiukimbia watu wale, na nani aliyewatwisha. Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, uwe na subira.

Wahindu ndio ambao pwani yetu tumezoea kuwaita Mabaniani, ingawa jina hilo kwa asili ni la watu wa tabaka la wafanya biashara tu. Kosa hilo dogo la lugha latufundisha jambo: tuliwaona wauza nguo na wauza nafaka, tukadhani ndio Wahindu wote. Walohana, Mapatel na Mabhatia walipovuka bahari kuja Afrika Mashariki walikuja na jumuiya zao, kila moja na ukumbi wake na ndoa zake. Sisi tuliwaona Wahindi tu. Wao kwa wao walijua vizuri nani ataoa kwa nani, na nani atakula kwa nani.

Kuna mambo mawili yafaa yatenganishwe. La kwanza ni varna, yaani madaraja manne makuu. Wimbo mmoja wa Rigveda, katika kitabu chake cha kumi, wasimulia kwamba mtu wa kwanza alipotolewa kafara, Brahmini alitoka kinywani mwake, mtawala na mpiganaji mikononi, mkulima na mfanya biashara mapajani, na Shudra, mtumishi, akatoka miguuni. La pili ni jati, yaani ukoo wa kazi ambao mtu huzaliwa ndani yake, na jati zahesabiwa kwa maelfu. Chini ya zote, nje hata ya yale madaraja manne, wamewekwa watu ambao kuwagusa kulihesabiwa kuwa ni najisi: wachuna ngozi, wafagia vyoo, wachoma maiti. Sheria zinazonasibishwa kwa Manu zaamuru kwamba Chandala akae nje ya kijiji, atumie vyombo vilivyovunjika, na avae nguo zilizovuliwa maiti.

Wao wenyewe leo wajiita Madalit, yaani waliopondwa. Gandhi aliwaita Harijan, watu wa Mungu, kwa nia njema bila shaka. Lakini wengi wao walilikataa jina hilo, wakisema hawakuombwa shauri.

Sasa twende Mahad, mji mdogo katika jimbo la Bombay la zamani. Mjini hapo palikuwa na birika la maji liitwalo Chavdar. Wahindu wa matabaka ya juu walichota humo, Waislamu walichota, na ng'ombe na mbwa walikunywa. Wasioguswa peke yao ndio waliokatazwa. Mwaka 1923 baraza la kutunga sheria la Bombay lilipitisha azimio kwamba visima na mabirika ya umma yawe wazi kwa watu wote, na halmashauri ya mji wa Mahad ikalikubali. Karatasi ikabaki karatasi. Hakuna aliyethubutu kuchota.

Tarehe 20 Machi 1927 wasioguswa kwa maelfu, waliokusanyika mjini kwa mkutano, walitembea kwa utaratibu mpaka birikani. Mbele yao alikuwa Bhimrao Ambedkar, wakili mwenye umri wa miaka 35, wa jati ya Mahar. Alipokuwa mtoto shuleni alikalia gunia alilokuja nalo kutoka nyumbani, asije akainajisi sakafu. Na akiona kiu hakuruhusiwa kushika bomba, bali alingoja tarishi wa shule amfungulie. Siku ambayo tarishi hayupo, mtoto hakunywa. Mtu huyo alikuwa amekwisha soma katika Chuo Kikuu cha Columbia kule New York na katika vyuo vya London. Siku ile aliinama, akateka maji kwa mkono wake, akanywa. Wengine wakanywa baada yake.

Saa chache baadaye ikavuma habari ya uwongo mjini kwamba watu hao wataka kuingia hekaluni. Watu wa matabaka ya juu wakatoka na magongo, wakawapiga waliokuwa wakila na waliokuwa safarini kurudi vijijini. Kisha makuhani wakalitwaharisha birika kwa kumwagia mitungi iliyochanganywa mavi ya ng'ombe, mkojo wake, maziwa na mtindi, wakisoma dua zao. Zingatia hapo, ndugu msomaji. Kinyesi cha mnyama kilihesabiwa kuwa ni dawa ya kuondoa uchafu wa mkono wa binadamu.

Hapa ndipo swali kubwa linapokuja, nalo huulizwa sana na wanaochunguza dini: je, haya ni amri ya dini, au ni desturi mbaya tu iliyojificha chini ya dini?

Wahindu wengi wa leo husema ni desturi. Tusiwakatize maneno. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, yatuonya kwamba chuki yetu juu ya watu isitutoe katika uadilifu. Basi na tukiri kwamba katika uwanja huo huo wa Uhindu walisimama watu walioyapinga matabaka kwa nguvu. Basava alifanya hivyo katika karne ya 12. Ravidas, aliyekuwa fundi wa ngozi, aliheshimiwa kuwa mtakatifu. Jyotirao Phule na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana mjini Poona mwaka 1848, kisha na shule za watoto wasioguswa. Kule Kerala Narayana Guru, mtu wa jati iliyokatazwa kuingia mahekaluni, alijenga mahekalu yake mwenyewe. Asemaye kwamba kila Mhindu ni mdhalimu kwa sababu ni Mhindu, yeye naye amemhukumu mtu kwa kuzaliwa kwake, na hilo ndilo kosa tunalolizungumza.

Lakini hata baada ya kuyakiri hayo, sikubali kwamba dini haimo kabisa. Desturi peke yake haina nguvu ya kudumu karne nyingi namna hiyo. Kilichoipa nguvu ni itikadi ya karma jinsi ilivyofundishwa: kwamba kila mtu amezaliwa mahali alipostahili kwa matendo yake ya maisha yaliyopita. Chandogya Upanishad, kitabu chenye heshima kubwa na mafundisho mengi mazuri, chasema kwamba wenye mwenendo muovu watazaliwa katika tumbo la mbwa, au la nguruwe, au la Chandala. Mtu akiamini hivyo, atamwonea nani huruma? Mfagiaji wa choo hakudhulumiwa, anatumikia kifungo. Na anayemfungulia mlango huonekana anaingilia hukumu ya mbinguni. Tena mwenye jaha naye haoni kwamba amepewa amana, bali huona kwamba amelipwa ujira. Ubaya wa itikadi hiyo ni kwamba hata mdhulumiwa mwenyewe anaweza kuiamini.

Ambedkar aliliona jambo hili waziwazi. Alirudi Mahad mwezi wa Desemba mwaka ule ule wa 1927. Hakuna Mhindu aliyekubali kuwakodisha uwanja wa mkutano. Mwislamu mmoja wa mji huo ndiye aliyewapa ardhi yake. Usiku wa tarehe 25 Desemba waliitia motoni nakala ya sheria za Manu, na aliyelitoa azimio hilo, Sahasrabuddhe, alikuwa Brahmini kwa kuzaliwa. Wenye birika wakaenda mahakamani wakidai kwamba ni mali yao binafsi. Kesi ilichukua miaka kumi. Mahakama Kuu ya Bombay iliamua kwa faida ya wasioguswa mwaka 1937. Miaka kumi, kwa ajili ya kunywa maji.

Mwaka 1936 jumuiya moja ya Wahindu wapenda mageuzi ya Lahore, iliyoundwa hasa kwa ajili ya kuvunja matabaka, ilimwalika Ambedkar awahutubie. Walipoisoma hotuba yake kabla ya mkutano, wakaona ameandika kwamba matabaka hayatavunjika mpaka ivunjwe imani ya utakatifu wa vitabu vinavyoyafundisha. Wakauvunja mkutano. Akaichapisha hotuba kwa gharama yake. Nafikiri walioufuta mkutano ule hawakuwa watu wabaya. Walitaka kuutibu ugonjwa, ila hawakutaka daktari ataje jina lake.

Yako mengi ya kusemwa juu ya ugomvi wake na Gandhi, jinsi Waingereza walivyotaka kuwapa wasioguswa uchaguzi wao wa peke yao, Gandhi akafunga kula gerezani Yerwada mnamo Septemba 1932, na Ambedkar akalazimika kukubali mapatano ya Poona. Sitayarefusha. Gandhi aliichukia najisi ya kutogusana, na aliipinga maisha yake yote. Lakini kwa miaka mingi aliitetea varna yenyewe, akidhani mti unaweza kuachwa na tunda likaondolewa.

India ilipopata uhuru, Ambedkar ndiye aliyeongoza kamati iliyoandika Katiba. Kifungu chake cha 17 kilifuta utengano wa wasioguswa, na Katiba ikaanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Kwa sheria, basi, jambo limekwisha. Mwaka 1989 hata ikatungwa sheria nyingine ya kuzuia ukatili juu ya watu hawa. Lakini kwa nini nchi ihitaji sheria ya pili dhidi ya jambo lililokwisha futwa na ya kwanza?

Usiku wa Krismasi mwaka 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, wilaya ya Tanjore, vibarua wa mashamba ya mpunga walikuwa wameomba waongezewe ujira. Watu wa wenye mashamba wakaja usiku. Wanawake, watoto na wazee wakakimbilia kibanda kimoja. Mlango ukafungwa, kibanda kikachomwa. Walikufa watu 44. Wenye mashamba walihukumiwa kifungo, kisha Mahakama Kuu ya Madras ikawaachia, kwa kuwa iliona ni vigumu kuamini kwamba matajiri kama hao wangekwenda wenyewe kwa miguu kufanya kitendo hicho. Tarehe 1 Desemba 1997, katika kijiji cha Laxmanpur-Bathe jimboni Bihar, jeshi la binafsi la wenye ardhi liitwalo Ranvir Sena liliua watu 58 kwa usiku mmoja. Mahakama ya chini iliwatia hatiani watu 26 mwaka 2010. Mahakama Kuu ya Patna ikawaachia wote mwaka 2013. Mwezi wa Julai 2016, mjini Una jimboni Gujarat, vijana Madalit waliokuwa wakichuna ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa, kazi ambayo matabaka ndiyo yaliyowapa, walifungwa garini wakachapwa hadharani kwa kisingizio cha kumtetea ng'ombe.

Ukiyatazama haya utaona kwamba hasira haimshukii mnyonge anapokuwa chini kabisa. Yamshukia anapoinuka: anapoomba ujira, anaponunua shamba, bwana arusi wake anapopanda farasi, mwanawe anapofaulu mtihani. Najisi ndiyo iliyotajwa, lakini mali na mamlaka ndivyo vilivyolindwa. Dini iliitwa ije kutia muhuri. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2011, India ilikuwa na zaidi ya watu milioni 200 wa matabaka hayo, na takwimu za serikali zaonyesha kesi zaidi ya 50,000 za makosa juu yao katika mwaka 2021, na vivyo hivyo katika mwaka 2022. Na hizo ni zile tu zilizofika polisi.

Ambedkar alikuwa ametangaza mwaka 1935, kule Yeola, kwamba alizaliwa Mhindu pasipo hiari yake, lakini hatakufa akiwa Mhindu. Waislamu, Wakristo na Masingasinga wote walimtazamia. Alingoja miaka 21. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Budha pamoja na malaki ya wafuasi wake. Akafa Desemba mwaka huo huo. Waislamu hupenda kuuliza kwa masikitiko mbona hakuja kwetu. Nami naona yafaa tuliulize swali hilo bila kujionea huruma, kwa sababu aliutazama Uislamu wa India kwa karibu, na aliandika aliyoyaona.

Sasa narudi Meenakshipuram, wakati ule katika wilaya ya Tirunelveli, kile kijiji nilichokitaja darasani. Tarehe 19 Februari 1981 mamia ya watu wa jati ya Pallar walisilimu. Nchi nzima ikashtuka. Ikasemwa kwamba wamenunuliwa kwa fedha za nchi za Ghuba, wanasiasa wakafunga safari, vyama vya Kihindu vikaanzisha kampeni. Wenyewe walipoulizwa walitaja heshima: mahali pa kukaa ndani ya basi, kikombe cha chai kilicho sawa na cha mwenzake, kuitwa kwa jina la mtu mzima. Ni ajabu kwamba watu waliowanyima kikombe kwa karne nyingi hawakuweza kufikiri kwamba mtu aweza kubadili dini kwa ajili ya kikombe.

Na je, walipokelewa? Msikitini, naam. Walisimama safu moja na wengine, bega kwa bega, na hakuna aliyekwenda kuosha sakafu baada yao. Hilo si dogo, na asiyewahi kunyimwa hawezi kulipima. Mtume Muhammad s.a.w. alipoiteka Makka alimpandisha Bilali juu ya Alkaaba aadhini, na wakubwa wa Kikureishi walikereka kumwona mtumwa wa jana mahali pale. Sura Al-Hujurat yafundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wapate kutambuana, na kwamba mtukufu mbele ya Mungu ni yule amchaye zaidi. Katika Hija ya mwisho Mtume s.a.w. aliwaambia watu kwamba Mwarabu hamzidi asiye Mwarabu ila kwa ucha Mungu.

Lakini kijana yule hakuuliza Uislamu wafundisha nini. Aliuliza kama walipokelewa, na sina budi kuendelea.

Miongoni mwa Waislamu wa Bara Hindi wenyewe wamo waitwao Ashrafu, wanaodai nasaba ya Uarabu, Uajemi au Uturuki. Na wamo Ajilafu, wafumaji na wakulima waliosilimu. Na chini yao Arizali, wafagiaji na mfano wao. Maafisa wa hesabu ya watu walikwisha yaandika hayo katika Bengal mwaka 1901, na kamati ya serikali iliyoongozwa na Jaji Sachar ikayataja tena mwaka 2006. Wengi waliosilimu wameswali safu ya mbele miaka arobaini, na bado hawajapata posa nje ya jati waliyotoka. Serikali nayo yawaongezea uzito: kwa amri ya Rais ya mwaka 1950, misaada ya matabaka yaliyopangwa ilikuwa ya Wahindu, kisha wakaongezwa Masingasinga mwaka 1956 na Mabudha mwaka 1990. Dalit aliyesilimu au aliyebatizwa huipoteza.

Tusiseme kwamba hayo ni ya Wahindi. Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomwa na masheikh wa pwani yetu kizazi baada ya kizazi, katika mlango wa kufaana kwa ndoa chaeleza kwamba mfagiaji si kufu wa binti wa fundi cherehani, wala fundi cherehani si kufu wa binti wa mfanya biashara. Babu zetu walijua nani mwungwana na nani mtumwa aliyeachwa huru, na wako watu Lamu na Unguja mpaka leo wanaoulizwa ukoo wao kabla ya kuulizwa dini yao. Siwalingani wanazuoni wale na Manu. Wao hawakusema kwamba mtu ni najisi, wala hawakumfungia mlango wa peponi. Nasema tu kwamba Mtume s.a.w. alimwoza Zaidi, mtumwa aliyeachwa huru, binti wa shangazi yake mwenyewe, na vitabu vilivyoandikwa baada yake vikaona haya kuliendeleza jambo hilo.

Na mimi ninayeandika haya, nilisoma katika chuo cha dini katika Punjab, upande wa Pakistan. Huko wafagiaji wa mitaro wengi ni Wakristo, na babu zao walikuwa watu wa jati ya wafagiaji kabla ya kubatizwa. Karibu na chuo palikuwa na kibanda cha chai cha Mwislamu mwema, mwenye kuswali, tuliyempenda. Nje ya kibanda, juu ya msumari, kilining'inia kikombe kimoja cha bati. Nilikiona kwa miezi mingi bila kujua ni cha nani. Asubuhi moja ya baridi mfagiaji, mzee mwenye umri wa baba yangu, alikuja, akakitungua mwenyewe, akakinyosha mbele, akamiminiwa chai kutoka juu ili birika lisikiguse. Alikunywa akiwa amechuchumaa barabarani. Sisi wanafunzi tulikuwa tumekaa juu ya benchi, na siku ile ile tulikuwa na mtihani wa Sura Al-Hujurat.

Hakuna hata mmoja wetu aliyesogea. Mzee alimaliza, akakisuuza kikombe bombani kwa mkono wake, akakirudisha juu ya msumari, akalipa bei ile ile tuliyolipa sisi.

Hayo ndiyo niliyomweleza yule kijana tulipoonana tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza darasa lijalo ni siku gani.